Herufi Iliyopinda Kwenye Fimbo ya Gofu

Siku ambayo sijawahi kuisahau, mwanangu, na hata ya harusi yangu siikumbuki vizuri hivyo, ni ile Alhamisi Mzee Njiku aliponipa tupa ya kusugulia chuma mkononi akaniambia nifute jina. Nitafika huko. Kwanza nijibu swali lako la juzi, maana uliliuliza ukicheka, na mimi sikucheka.

Ulinionyesha kwenye simu picha ya fimbo ya gofu, ile fupi ya kusukumia mpira shimoni, ambayo wachezaji huiita pata. Ukasema, "Baba, eti hii inauzwa bei ya pikipiki mbili. Kijiti hiki?" Kisha ukaendelea kupanga majembe yako pembeni mwa mlango, tayari kwa yule mfanyabiashara wa Singida mjini ambaye amesema atayanunua yote, mradi tu uyagonge chapa ya kiwanda cha nje. Uliona ni mambo mawili tofauti. Mimi nimekaa nayo siku tatu, nikaona ni jambo moja.

Unajua kwamba kabla ya kufungua karakana hii hapa Iguguno nilifanya kazi Arusha. Nilivyoondoka huko hujui, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mama yako.

Nilikwenda nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mjomba alinipeleka kwa rafiki yake, Mzee Njiku, mtu wa Sepuka, aliyekuwa fundi wa fimbo kwenye kiwanja kimoja cha gofu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bafu za wachezaji, na ndani mna meza moja, jiliwa moja la kubania vyuma na dirisha linalotazama jikoni. Tulibadilisha mipira ya kushikia inayovishwa kwenye mipini, tukanyoosha mipini na kugundisha vichwa vilivyolegea. Yeye Mnyaturu, mimi Mnyiramba, basi tuliongea Kiswahili. Ila akikasirika alihamia Kinyaturu, na nikajifunza kupima hasira yake kwa lugha.

Nilikuwa na kiburi, sitaficha. Babu yako alikuwa mhunzi, na mimi nilishika nyundo kabla sijajua kusoma. Niliwaona wale mabwana wanabeba vyuma vyao kwenye mikoba ya ngozi kama wamebeba watoto wachanga, nikawa nasema moyoni kwamba hawa hawajui chuma.

Alikuwepo mchezaji mmoja, daktari wa meno, mtu mpole sana. Siku moja alileta pata yake, kichwa kimelegea kwenye mpini. Akaomba pia abadilishiwe mpira wa kushikia, maana ulikuwa umechakaa mpaka umepasuka. Mzee Njiku akakubali kukaza kichwa, mpira akakataa kuugusa. Daktari alipoondoka nikauliza kwa nini tunakataa kazi. Mzee alivuta kiti, akanieleza taratibu, na ndiyo maelezo ninayokupa wewe leo.

Fimbo nyingine zote huzeeka, alisema. Kila mwaka wanaleta iliyo nyepesi zaidi, inayorusha mpira mbali zaidi, na ile ya mwaka jana bei inashuka. Lakini pata haina haja ya kurusha mbali. Kazi yake ni kuusukuma mpira hatua mbili tatu uingie shimoni, na iliyotengenezwa miaka thelathini iliyopita inausukuma sawasawa na ya jana. Na hapo karibu na shimo ndipo watu wanaposhindia au kushindwa, kwa sababu msukumo mdogo wa hatua mbili unahesabiwa pigo moja, sawa na pigo linalovuka uwanja mzima. Mchezaji akipata moja ambayo mkono wake umeiamini, hataki kuachana nayo.

"Lakini hilo peke yake haliifanyi kuwa ghali," akasema. "Dukani ziko tele, na ukitoka nazo mlangoni tu zimeshashuka bei. Hii aliichonga fundi mmoja kwa mikono yake kutoka kwenye bonge moja la chuma. Haikumiminwa kwenye kalibu. Alichonga chache, kwa ajili ya watu wa mashindano, na dukani hazikufika. Wanaozitafuta wanaongezeka, zenyewe haziongezeki. Daktari ana karatasi inayoonyesha nani aliipokea kwanza, na kutoka kwake ikaenda kwa nani. Huyo wa kwanza alishika mpira huu huu uliopasuka. Nikiuvua, nimeivua nusu ya thamani yake."

"Kwa hiyo wananunua hadithi," nikasema, nikijiona mjanja.

"Wananunua uhakika," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Fimbo ile ilikaa kwetu wiki nzima ikisubiri gundi. Niliigeuza kila nilipopata nafasi. Nyuma ya kichwa kulikuwa na jina la fundi, herufi zimegongwa kwa mkono moja baada ya nyingine, na herufi ya tatu ilikuwa imelala upande wa kushoto. Nikasema huyu fundi wanayemsifu ni mzembe, hata kugonga herufi ikasimama hajui. Nikaweka karatasi juu yake, nikasugua penseli, nikapata mchoro kamili. Wakati huo sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu kuonyesha kwamba kijana wa Iguguno anaweza.

Nikatafuta kipande cha ekseli ya lori. Kwa miezi miwili, kila wenzangu walipokwenda kula, mimi nilibaki na tupa. Nilipomaliza nikaiweka mezani. Mzee Njiku aliipima mkononi, akaangusha mpira kwenye sakafu ya saruji, akausukuma mpaka kwenye mguu wa meza. Akarudia mara nne.

"Imekaa vizuri," akasema. "Sijapata kijana wa mkono kama huu. Gonga jina lako hapo nyuma, tutaitafutia mtu wa kuijaribu."

Nilifurahi siku nzima, lakini lile la jina nililicheka. Nani atanunua pata yenye jina la mtu wa Iguguno? Nakumbuka vizuri, kwa sababu ni maneno yako ya juzi, Neema. Ulisema, "Baba, nani atanunua jembe limeandikwa Neema?" Nilipokusikia nilijisikia mimi mwenyewe.

Haikupita wiki, muuzaji mmoja wa vifaa vya michezo akapita karakanani mzee akiwa hayupo. Akaiona. Akasema nikigonga pale nyuma jina la yule fundi wa pata ya daktari, akishaiuza atanipa mshahara wangu wa miezi minne. Hakunilazimisha, wala hakunibembeleza sana. Nilichonga vyuma vya kugongea kwa misumari mikubwa, nikauchukua ule mchoro wangu wa penseli, nikagonga jina la mtu ambaye sikuwahi kumwona. Nilipofika herufi ya tatu niliisimamisha wima. Sikuweza kuvumilia kuiacha imepinda. Mkono wangu ulikuwa na adabu kuliko mimi.

Muuzaji akaja akaichukua. Sasa ndiyo hiyo Alhamisi. Daktari aliingia na kitu amekizungushia taulo. Akamwamkia mzee, mzee akaitikia. Kisha akasema, kwa furaha ya mtoto, "Mzee wangu, nimepata ndugu wa ile pata yangu. Sijalipa bado. Nimemwambia muuzaji, Mzee Njiku akisema ni yenyewe, nalipa leo hii."

Alipofungua taulo, niliitambua kazi yangu. Nilikuwa nimesimama kwenye jiliwa, hatua tatu kutoka kwao, nikajifanya nakaza kitu.

Mzee hakuangalia muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye herufi, akakisimamisha kwenye ile ya tatu. Akakigeuza kichwa cha fimbo akatazama mikwaruzo ya tupa kwenye kona za ndani. Wewe unajua mimi ni wa mkono wa kushoto, na mistari yangu inalala kinyume cha watu wengine. Yeye alijua pia. Angeweza kusema tu kwamba si yenyewe, daktari angeshukuru na kuondoka, na mimi ningepona. Alivua miwani, akasema, "Daktari, hii imetengenezwa kwenye meza hii. Aliyeitengeneza ni huyu kijana wangu, na karakana ni yangu."

Daktari hakunitukana. Heri angenitukana. Alitoka akaenda kwenye gari lake, akarudi na pata yake mwenyewe, ile ya kweli. Akaipeleka dirishani akaigeuza kwenye mwanga, mbele, nyuma, chini. Halafu akauliza polepole, "Na hii, mzee? Ilikaa hapa wiki nzima. Ndiyo ile ile niliyoileta?"

"Ni ile ile," mzee akasema.

"Nakuamini," daktari akasema. Lakini aliendelea kuigeuza.

Mwanangu, mpaka leo hicho ndicho kinachoniuma. Mzee Njiku alikuwa amefanya kazi pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na neno lake lilitosha kwa kila mtu. Akisema hii ni nzima, hakuna aliyeiangalia tena. Siku hiyo alimwona mtu anasema anamwamini huku mikono yake inatafuta. Nami nilimwona mzee akimtazama, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Daktari alipoondoka nilisubiri Kinyaturu. Hakikuja. Mzee aliongea Kiswahili, tena cha chini, nami nikajua jambo limepita hasira.

"Fundi yule herufi yake ya tatu hupinda," akasema. "Wote wanaozijua fimbo zake wanaijua. Wewe umeinyoosha kwa sababu una mkono mzuri kuliko wengi. Mkono huo ukautumia kuandika jina la mtu mwingine."

Akachukua tupa, akaniwekea kiganjani. "Futa."

Nikafuta, yeye amesimama pembeni, mpaka chuma kikawa kitupu. Kisha akasema, "Sasa gonga lako." Nikajaribu kushika nyundo, nikashindwa. Nililia, na nilikuwa mtu mzima.

Nilikaa miezi mitano zaidi, kwa sababu mzee hakunifukuza. Katika miezi hiyo daktari alitaka kuiuza pata yake, alikuwa na mtoto wa kumsomesha. Mnunuzi akaja, akaridhika na karatasi, akauliza kama kuna wakati fimbo iliwahi kutoka mikononi mwake. Daktari angeweza kudanganya, akasema ukweli, kwamba ilikaa wiki moja kwenye karakana ambako kulichongwa ya bandia. Mnunuzi akafunga karatasi zake akaondoka. Fimbo ilikuwa ile ile, chuma kile kile, mpira ule ule uliopasuka. Mimi sikuigusa kwa tupa hata mara moja, na bado niliishusha thamani. Niliposikia hivyo nikafunga mzigo nikarudi nyumbani.

Ile niliyoichonga nilikuja nayo. Ndicho kile chuma kinachozuia mlango wa karakana usijifunge, ambacho umekuwa ukijikwaa nacho tangu utotoni na kukilaani. Kakigeuze uweke kidole nyuma. Pale palipoingia chini kidogo ndipo nilipofuta.

Sasa nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Usigonge chapa ya watu kwenye majembe yako. Sikwambii kwamba ukigonga yako utatajirika. Hata hizo fimbo, nyingi hazipandi bei, hupanda zile chache tu ambazo kila mtu ana hakika zimetoka kwa nani. Yule wa Singida mjini atakwenda kwa fundi mwingine, msimu huu utauza polepole, na watu wa gulio watakuuliza hili ni la kiwanda gani. Waambie ni la hapa hapa, karakana iliyo kando ya barabara. Mwezi jana mama mmoja kutoka Mungaa alikuletea jembe lililomeguka ncha, ukalirudisha motoni, akaondoka ameridhika na akanunua jingine. Alijua pa kulileta. Lingekuwa na jina la kiwanda cha nje angelipeleka wapi? Na majembe ya kiwanda chenyewe, yale ya kweli, mkulima aliyeuziwa la bandia atayageuza juani kama daktari alivyofanya, na wewe hutakuwepo kuona ulichokiharibu. Springi za lori unazifua kuwa majembe vizuri kuliko nilivyofua mimi nikiwa na umri wako. Nimekuwa bahili wa kukuambia, na hilo ni kosa langu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe moto usiozimika na wateja wanaorudi, na akuweke mpaka siku mtu wa mbali atakaposhuka hapa Iguguno akisema anataka la Neema, hataki lingine.

Kwenye droo ya meza, chini ya matambara, kuna vyuma vinne vya kugongea, herufi za jina lako; E utaigonga mara mbili. Nimevichonga hizi siku tatu kwa vali za injini. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, na M imelala kidogo upande wa kushoto. Usiinyooshe.