Tulivyomngoja Mnunuzi wa Miwani

Niliamini, tena kwa moyo mkunjufu kabisa, kwamba tajiri wa ile kampuni kubwa ya mitandao atakuja Mombasa mwenyewe, atapita Ndia Kuu kwa miguu yake miwili, na ataingia nyumba hadi nyumba kutusalimia sisi tuliokuwa na miwani. Sikudhani tu. Niliamini mpaka nikanunua viatu.

Habari hiyo niliipata kwa dalali mmoja wa nyumba, mtu mwenye ulimi wa kuwauzia Wareno Ngome waliyoijenga wenyewe. Siku zilipoenea habari kwamba kampuni changa iliyotengeneza miwani yetu imenunuliwa na ile kubwa, dalali alikuwa ameketi barazani kwa Fundi akinywa kahawa, akatusikia tukiomboleza.

"Imenunuliwa na wapangaji wamo ndani?" akauliza.

Tukasema ndiyo, wapangaji ndio sisi, na tumo.

"Sasa mwalia nini? Hakuna mnunuzi anunuaye nyumba yenye watu asije kuizunguka. Lazima aje aonyeshwe mipaka, aonane na wapangaji, ale chochote. Hapo ndipo mnapomwomba. Mimi nauza nyumba mji huu tangu nyinyi hamjaota meno."

Na kweli, Mji wa Kale ndivyo ulivyo. Nyumba ikiuzwa, mwenye nyumba mpya huja na tasbihi yake mkononi, akakaribishwa kahawa na halua, na kila mpangaji akamweleza lake: huyu paa lamvujia, huyu ana mgonjwa, huyu aomba aachwe mpaka Ramadhani ipite. Nimeyaona hayo kwetu kwa macho yangu. Basi mimi, niliyehitimu masomo ya jioni kule shule ya Buxton nikiwa na ndevu, mwanafunzi pekee aliyemzidi mwalimu umri na pengine mwalimu mkuu pia, ningekataaje jambo lililonyooka namna ile?

Miwani yenyewe ilikuwa ya Fundi. Fundi hutengeneza simu katika chumba cha chini, uchochoro mmoja kutoka Ndia Kuu. Miaka ile vijana fulani wa ng'ambo walitangaza mtandaoni kwamba wanataka kuunda miwani ya kufunga usoni, ambayo ukiivaa waingia ndani ya gemu mzima mzima, nao hawana mtaji, basi wauomba ulimwengu uwachangie. Fundi akachanga. Alichanga akiba yake ya kuolea, na mchumba wake hajamsamehe mpaka leo, ingawa ni mkewe. Miwani ilipofika, mtaa ulijaa chumbani mle utadhani ni maulidi. Kuli mmoja wa bandarini, mtu wa kubeba gunia la mchele kama abebavyo mto wa kulalia, aliivaa, akajiona yuko ukingoni mwa ghorofa, akalikumbatia jokofu la soda na kukataa kuliachia hadi alipokuja kuitwa na mamake.

Hayo yalikuwa mambo yetu wachezaji, ya kelele na vicheko. Aliyeifanya miwani ile kuwa kitu kingine ni mama mmoja auzaye viazi karai kwenye kona. Sote twamwita Mama. Mwanawe wa pekee, mwenzetu tangu chuo cha Kurani, alikwenda Ghuba kufanya kazi ghalani, na mwajiri wake akaishika pasipoti yake. Kila mkataba ukiisha aambiwa bado kidogo. Huko alikuwa na miwani kama yetu, aliyoachiwa na mfanyakazi mwenzake aliyebahatika kurudi kwao.

Sasa, wale vijana wa kampuni changa walikuwa wameweka ndani ya miwani ukumbi wa bure wa wachezaji kukutana, na ukumbini mlikuwa na benchi la mawe linalotazama bonde. Watu wa humo hawana miguu, na uso wao si uso. Kila mmoja ni kichwa cha mdoli na mikono miwili inayoelea, ila mikono hiyo hufuata mikono yako ya kweli, popote ulipo duniani. Siku moja Mama alituletea viazi wakati mwenzetu yumo ukumbini, na Fundi, kwa mzaha tu, akamvika.

Mama akageuza kichwa huku na huku. Hakuelewa aonacho. Kisha yule mdoli akainua mkono akajikuna nyuma ya sikio, kama afanyavyo mwenzetu tangu utotoni akitafuta neno la kusema.

"Ndiye!" Ukelele aliopiga nadhani Lamu waliusikia. "Wallahi ndiye! Mkono wake huo!"

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya Alasiri alikuja. Alitengeneza buibui lake mbele ya kioo, akaketi kwenye kiti cha Fundi, akavikwa miwani, na huko aliko mwanawe akavaa yake. Tulidhani watazungumza mpaka koo zikauke. Hawakuzungumza sana. Nikamuuliza kwa nini asimpigie tu simu ya picha, amwone na uso.

"Mwanangu, simu yataka maneno," akaniambia. "Ukinyamaza, yule wa upande wa pili adhani mtandao umekatika. Huku twakaa tu. Mtu akikaa na mamake lazima azungumze?"

Hapo ndipo mauzo yalipotukuta.

Wachezaji wa dunia nzima walikasirika, na sisi hatukuachwa nyuma. Mmoja aliapa kuitosa miwani baharini, tukamkumbusha kwamba si yake. Mwingine aliitaliki talaka tatu mbele ya mashahidi, na kesho yake akaja kuomba arejewe. Dada mmoja wa kutoka bara, karani wa ofisi ya bandari na mlengaji hodari wa gemu kuliko sisi sote, alifika ametoka kazini, mkoba begani, hasira imemtangulia.

"Wamechukua mchango wa watu wakaenda kuuza!" alisema. "Ni kama uchangie kanisa, siku ya kufungua ukute ni baa."

"Kilichochangwa hakiuzwi," Fundi akasema. "Kisima cha wakfu chauzwa?"

"Lakini wewe Fundi, ulipochanga walikupa nini? Hisa?"

"Walinipa miwani na fulana."

"Basi ulinunua miwani na fulana, bwana."

"Na fulana yenyewe hainienei," Fundi akasema, akaketi chini kama mtu aliyeletewa tanzia.

Kelele hizo zingeweza kuisha kama ziishavyo kelele za vijana. Lakini siku chache baadaye tulipoiwasha miwani tulikuta tangazo limesimama mbele ya bonde. Mimi ndiye niliyelisoma, maana cheti cha jioni kilinifanya niwe wakili wa Kiingereza wa mtaa mzima. Lilisema ukumbi wa zamani utafungwa mwisho wa mwezi. Mwenye mali mpya ajenga mwingine mkubwa zaidi, kila mtu atajiandikisha upya kwa jina lake la kweli na nambari yake, na miwani za toleo la kwanza hazitaingia. Za kwetu zilikuwa za toleo la kwanza, Mombasa na Ghuba. Bei ya mpya nilipoiona mate yalinikauka, na mwenzetu kule hata mshahara wake hupewa vipande vipande.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ingali na unga wa dengu.

"Huyo bwana ajua kama mimi hukaa pale?"

"Atajua, Mama. Akija tutamwambia."

"Atakuya lini?"

"Akishamaliza Ulaya," nikasema, kwa uhakika wa mtu mwenye ratiba ya ndege mfukoni.

Basi tukaanza kujitayarisha. Fundi alipaka chumba chokaa. Mimi nilinunua hivyo viatu, nikatunga hotuba ya Kiingereza yenye maneno marefu ambayo ukilianza moja asubuhi hulimaliza adhuhuri. Mama alikwenda Biashara Street kumnunulia leso mke wa tajiri. Alizunguka maduka mpaka wenye maduka wakachoka, kwa sababu hakuitaka leso kwa rangi, aliitaka kwa jina lake, yaani maneno yaandikwayo kwenye kanga, na majina yote aliyoonyeshwa aliyaona yana kiburi. Mwisho akapata moja iliyoandikwa: Nafasi yangu ni ndogo, niachie. Aliikunja akaiweka juu ya jokofu la Fundi, ndani ya karatasi yake.

Kila Ijumaa alipika kaimati na mkate wa sinia, na siku hiyo viazi havikuuzwa. Wateja walimnung'unikia. "Nina mgeni," aliwajibu. Baada ya Alasiri hukaa na mwanawe, kisha huvua miwani na kukaa mlangoni akitazama uchochoro, na kila kivuli kikikata kona hunyoosha buibui lake. Giza likianza kuingia, kaimati tulizila sisi. Sijapata kula kitu kitamu kigumu kumezeka namna ile.

Mwezi ukazidi kwenda. Nikawa situlii. Nilikuwa nikitoka kazini naenda moja kwa moja penye mlango wa Ngome kuwatazama wageni wakishuka, nikichagua nani ana sura ya kununua makampuni. Ijumaa moja nikampata. Mzungu wa makamo, shati jeupe, hana kamera shingoni kama wenziwe, bali kompyuta ndogo kwapani, na kila nyumba aliipiga jicho toka chini hadi juu, hasa kama azungukaye mali yake. Nilimfuata nusu ya Ndia Kuu moyo ukinipiga ngoma za harusi. Nikamsalimia, nikamwambia tulikuwa tukimngoja. Akafurahi sana kusikia amengojwa, akanifuata.

Mama alipomwona mlangoni kwa Fundi alisimama, akanyoosha buibui lake. Alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Alimpa kaimati, yule bwana akala, akasifu, akaongezewa. Hotuba yangu yote ilinitoka kichwani kama njiwa waliotishwa.

"Mwambie sitaki kingi," Mama akaniambia, bila kumwondolea macho mgeni. "Ukumbi na aufunge, ni mali yake. Gemu na afunge. Kile kibaraza cha mawe tu. Mwambie hatufanyi fujo. Twakaa."

Nilimweleza. Yule bwana akanitazama, akamtazama Mama, akaiweka kaimati chini polepole. Akasema anasikitika, yeye ni mwalimu, yuko likizo, na huchora milango ya zamani. Alidhani namwalika kuona mlango.

"Asemaje?" Mama akauliza.

"Si yeye, Mama."

"Ni mjumbe wake?"

"Si mjumbe. Ni mgeni tu."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akamsogezea yule mwalimu sahani. "Ale basi. Mgeni ni mgeni."

Ijumaa ya mwisho ikafika. Fundi hakufungua duka kwa wateja. Mama alikaa na miwani muda mrefu kuliko siku zote, na kwenye kioo cha kompyuta tuliona anachoona: bonde, na ile mikono miwili ya mwanawe imetulia kando yake kwenye benchi. Mara moja tu nilimsikia akisema, "Wala lakini?" akimaanisha kama huko aliko hula sawasawa. Akajibiwa ndiyo. Alipoivua, uso ulikuwa na alama za mpira kuzunguka macho. Aliifuta miwani kwa upindo wa buibui na kuniambia amesikia meli ya watalii imeingia, yuaenda kupasha moto kaimati, huenda bwana yumo. Akatoka kwa haraka ya msichana.

Mwenzetu alikuwa bado ukumbini. Nikaivaa miwani ingali na joto la Mama, nikaketi pale alipokuwa ameketi.

"Yakhe, vumilia," nikamwambia. "Meli imeingia. Huenda yumo."

"Nani yumo?"

"Mnunuzi. Mama ashamwekea kila kitu tayari. Na leo hotuba nimeihifadhi upya, haitanitoka."

Akajikuna nyuma ya sikio. Bonde halikuwa na upepo, halikuwa na ndege, mambo ambayo sikuwahi kuyaona nilipokuwa nacheza.

"Nani kakwambia atakuja?"

"Dalali."

"Dalali wa nyumba?"

"Ndiye."

Hakunicheka, na heri angenicheka.

"Sikiza, ndugu yangu," akasema. "Haji mtu. Hii si nyumba. Yule tajiri amenunua wale vijana na ujuzi wao, basi. Sisi hatumo katika alichonunua. Wala hakusudii kutufukuza, maana hajui kama tuko. Mwambie Mama asipike tena."