Miche Themanini ya Sabuni

Nilikuwa mtunza stoo wa duka la ushirika Karatu, miaka ile sabuni ilipoadimika. Tulipopata miche kumi, niliamua kukata kila mche vipande vinane ili wengi wapate. Nikafuta kumi kitabuni, nikaandika themanini, lakini nikasahau kubadili neno "miche" liwe "vipande". Mwenyekiti wa ushirika akakisoma kitabu, akatangaza hadi kijiji cha Baray kwamba kila kaya itapata mche mzima.

Mama Paskalina alifika kwa miguu, mtoto mchanga mgongoni. Nikampa kipande, akakigeuzageuza.

"Baba, mche wenyewe uko wapi?"

Nikafungua kitabu, ndipo nikaliona lile neno. Nikamweleza kosa langu.

"Pole," akasema taratibu. "Sasa waambie na wenzangu."

Nikainua macho. Foleni ilikuwa imefika barabarani.