Chachu na Unga Usio wa Mkate

Kiwandani walimwita Chachu, maana akiingia tu, watu waliumuka kwa kicheko. Alikuwa mwokaji mikate, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Siku aliyoshika trei ya moto bila kitambaa, alisikia harufu ya nyama inayoungua kabla ya kusikia maumivu. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Dada yake, aliyekuwa akifunga mikate chumba cha pili, akamvuta hadi bombani.

"Umetumia nini, kaka?"

"Ketamini."

Hakuwa na nguvu ya kudanganya. Alianza kuivuta puani, dawa hiyo ya usingizi iliyosagwa ikawa unga, kwenye sherehe za muziki, kwa mzaha. Ikawa haimtoshi mpaka aongeze, na sherehe haikuhitajika tena. Sasa alishinda chooni, mkojo ukimchoma kama pilipili, mara nyingine ukiwa na damu.

"Twende ukatibiwe."

"Nitakwenda. Lakini kwanza nijue nimejiingiza kwenye nini. Sitaki kuburutwa kama mbuzi."

Kwenye kliniki, muuguzi alimfunga bandeji bila kumkaripia. Chachu akamuuliza, "Ketamini si dawa ya hospitali? Mbona inanimaliza?"

"Hapa tunaipima, na mtu anasimama kuangalia unavyopumua. Wewe ulipimiwa na nani? Ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kukatika. Inakutenga na mwili wako, ndiyo maana umeungua. Halafu inachubua kibofu cha mkojo mpaka kinasinyaa. Unaongeza ili uzime maumivu, nayo yanazidi."

"Nikiacha, kitapona?"

"Wengi hupata nafuu wakiacha mapema. Siwezi kukuahidi kila kitu."

Jibu hilo ndilo lililomkaza moyo. Angeahidiwa pepo, asingeamini.

"Basi niandikishe."

"Hakuna kidonge cha kuuondoa uraibu huu, uelewe. Kuna daktari wa kibofu, kuna mshauri, na kuna wewe kuja."

Akaja. Aliteleza mara moja, akaenda mwenyewe kumwambia mshauri kabla hajaulizwa. Marafiki wa sherehe walipompigia simu, dada alipokea: "Kaka ana shughuli." Damu ikakoma, ingawa njia ya chooni bado anaijua kuliko wenzake wote, na hilo analitania mwenyewe.

Kila siku ya ushauri huomba ruhusa ya kutoka kazini mapema. Msimamizi alinuna mwanzoni. Siku hizi humwambia tu, "Nenda bwana, nitakushikia meza ya kukandia."