Choo cha Mama Kilichokaa Gereji

Siku tulipokagua nyumba ya Missouri City, pembeni mwa Houston, kabla ya kuinunua, mkaguzi alivuta maji katika vyoo vyote vitatu, akatega sikio, kisha akaandika kwenye karatasi yake kwamba vyote vinafanya kazi. Hakuandika kwamba cha wageni kinayumba. Labda hakukikalia. Mimi na mke wangu nasi hatukukikalia, maana ni vigumu kujaribu choo cha watu huku dalali amesimama mlangoni na funguo. Dalali wetu alikuwa mama wa Kikenya, na alituuzia nyumba ile kwa sentensi moja: "Hii haijawahi kuingia maji." Houston ukishaambiwa hivyo huulizi mengine.

Kabla ya hapo tulikaa miaka sita kwenye fleti Gulfton, watu wanne vyumba viwili. Mke wangu ni muuguzi, mimi napima damu kwenye maabara ya hospitali, na watoto wetu wawili kazi yao ni kutujibu kwa Kiingereza. Tulihama kwa lori la kukodi. Kitu cha kwanza kushushwa hakikuwa kitanda wala jiko. Kilikuwa choo, nacho hakikuingia ndani. Kilikwenda gereji.

Hapo inabidi nieleze. Mama yangu anaishi Muheza na mdogo wangu wa kiume, katika nyumba aliyoijenga na marehemu baba, na choo chake kilikuwa uani, cha kuchuchumaa. Mwaka mmoja kabla hatujahama Gulfton magoti yake yalianza kumsumbua. Aliniambia kwenye simu kwamba kuchuchumaa si tatizo, kazi iko kwenye kuinuka. Hushika ndoo, na ndoo nayo huteleza. Alisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikachagua choo cha kukaa kirefu kuliko vyote, kile wanachowatengenezea watu wenye magoti mabovu, nikampigia nikiwa bado kwenye foleni ya kulipia.

"Mama, nakuletea choo. Nitakuja nacho mwenyewe, nikufungie kwa mikono yangu."

"Haya baba," akasema. "Nakungoja."

Vitu vizito vya kupeleka kwetu huenda kwa kontena, na kontena haliondoki mpaka lijae. Tulikuwa watu watano tuliokubaliana kushiriki moja. Kulikuwa na mwenye vigae, mwenye magodoro, mwenye mashine ya kusaga, mimi na choo changu, na jamaa mmoja wa Plano, kaskazini mwa Texas, aliyetaka kupeleka pikapu. Pikapu ndiyo ingelijaza. Kila tulipokaribia, pikapu ilipata jambo. Mara karatasi za umiliki hazijatoka, mara gia inagoma, mara mwenyewe ameamua aiendeshe kidogo mpaka Krismasi. Krismasi zikapita tatu. Tulishindwa hata kumgombeza, maana bila yeye tulichokuwa nacho ni magodoro ndani ya sanduku la chuma.

Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na vyoo vinne, na kizuri kuliko vyote kilikuwa gereji. Kile cha wageni kiliendelea kuyumba. Nilikaza nati, nikachomeka kadibodi chini yake, kikayumba na kadibodi. Ikawa mgeni akiingia tunampa maelekezo yote kwa pamoja: karibu sana, viatu acha tu hapo, choo kiko kushoto, ukikaa egemea kulia. Mchungaji alipokuja kuibariki nyumba alipewa maelekezo hayo hayo. Alikaa huko kwa muda, akatoka, akaomba maji ya kunywa.

Alipoondoka, mke wangu alisimama katikati ya sebule mikono kiunoni.

"Choo kipya kiko hatua ishirini kutoka hapa."

"Ni cha mama."

"Najua ni cha mama. Na mchungaji naye ni mtoto wa mtu."

Sikubadili msimamo. Mimi nikishasema kitu ni cha fulani, basi ni cha fulani, hata kama fulani yuko ng'ambo ya dunia.

Jumamosi nikiwa sina zamu, nilipenda kupandisha mlango wa gereji na kukaa pale kwenye kiti cha plastiki na chai yangu. Sebuleni unaona ukuta wa jirani. Gereji unaona watu. Kumbe katika mitaa ile gereji ikiwa wazi na vitu vikiwa vimepangwa, maana yake mwenye nyumba anauza vitu. Mama mmoja mzee wa mtaa wa pili alisimamisha gari, akashuka, akakizunguka choo mara mbili, akauliza bei. Nikamwambia si cha kuuza. Akauliza kama kimetumika. Nikamwambia hapana. Basi kinafanya nini hapa, akauliza, na nikamjibu ukweli, kwamba kinamngoja mama yangu. Akachungulia gizani nyuma ya choo kuona kama yupo.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya chama cha wenye nyumba, wale wanaotunga sheria za mtaa, kutukumbusha kuwa mauzo ya gereji ni mara mbili tu kwa mwaka, tena kwa kibali. Niliitia ndani ya choo na kufunga mfuniko. Humo ndimo tulimotunzia barua zao.

Binti yetu mkubwa alikuwa na ushauri wake. "Dad, just mail it," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kana kwamba choo hutumwa kwa posta.

Mke wangu ushauri wake ulikuwa mwingine, na aliurudia kila mwaka likizo zilipopangwa. "Una wiki tatu. Apply likizo, nenda ukamwone mama. Choo kitakufuata."

"Nitakwenda nacho."

"Kwani atakuwa anakisalimia choo?"

Jibu lililokuwepo sikulipenda. Ukweli ni kwamba niliogopa. Siku naondoka Muheza kanisa zima lilinichangia nauli. Walinisimamisha mbele, wakaniombea, kina mama wakaimba. Mtu aliyeagwa namna ile hashuki kwenye basi miaka tisa baadaye na begi la nguo. Nyumba ya Texas ilikuwa ya benki, nami nilikuwa nailipia taratibu, na haikuwa kitu cha kubeba begani. Choo ndicho kilikuwa kitu changu cha kuonyesha. Nilimkumbuka mama kila siku ya Mungu, na kila siku nilikuwa na kisingizio cheupe, kinachong'aa, nje ya mlango wa jikoni. Sikutaka kurudi mikono mitupu. Jamaa wa Plano na pikapu yake, sasa naweza kusema, alinifaa sana.

Jumapili tukitoka kanisani humpigia mama kwa video. Siku zote hupokea akiwa barazani, simu ameiinamisha, tunaongea na paji la uso na kipande cha dari. Ninauliza habari ya magoti, anasema yapo. Anauliza habari ya kontena, nasema lipo mbioni.

Jumapili moja Muheza ilikuwa inanyesha. Mvua ilipiga mabati mpaka hatusikilizani, akasema ngoja niingie ndani. Picha ikatikisika, nikaona mlango, nikaona giza, kisha paji la uso likarudi, safari hii sauti yake ikiwa na mwangwi na mabati hayasikiki sana. Alikuwa amekaa. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na vigae vya pinki, na chini ya vigae tangi jeupe lenye kitufe cha kuvutia maji. Mimi vitu hivi nilikuwa nimekaa navyo miaka. Navijua.

"Mama, uko wapi hapo?"

"Nyumbani."

"Umekalia nini?"

Simu ikainama tena. "Nimekaa tu," akasema.

"Mama."

Akashusha pumzi, akainuka, tena bila kushika kitu chochote, akaigeuza simu. Kilikuwa choo cha kukaa cha kawaida, kifupi kuliko changu, na mfuniko umevishwa kitambaa kilichodariziwa. "Haya, tazama," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Tangu lini, mama?"

"Mwaka ule mlionunua nyumba. Mdogo wako alikwenda Tanga mjini asubuhi, na jioni fundi akawa amemaliza."

Asubuhi na jioni. Nikawafikiria wote wawili, Jumapili baada ya Jumapili, mdogo wangu akimpeleka barazani na kumwekea kiti, wanauliza habari za kontena kwa sauti ya watu wanaohitaji kujua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema utakuja nacho, baba," akasema. "Ningekwambia nimeshapata, ungekuja kufanya nini?"

Nikasema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua. Nilikwenda gereji, nikapandisha mlango nipate hewa, nikakikalia kile choo kwa mara ya kwanza tangu nikinunue. Ni kirefu kweli, na hakiyumbi. Nililia pale kwa aibu na kwa hamu ya kumwona, mambo mawili ambayo kwangu yalikuwa yamechanganyika siku nyingi. Yule mama mzee wa mtaa wa pili akapita na mbwa wake. Akanipungia mkono, nami nikampungia. Hakuuliza bei.

Jumamosi iliyofuata nilizima maji, nikang'oa choo cha wageni na kadibodi yake. Mke wangu alishika tochi. Tulitoa barua za chama, tukakibeba cha mama sisi wawili kupitia jikoni, nikakifunga kwa mikono yangu, kama nilivyoahidi, isipokuwa mahali. Cha zamani nilikiweka kando ya barabara karibu na mapipa ya taka. Kufika mchana mtu alikuwa ameshakichukua. Namtakia heri na aegemee kulia.

Kisha nikampigia mama nikiwa bado nimepiga magoti sakafuni. Nikamwonyesha tangi, kiti, mfuniko. Nikavuta maji asikie. Alikitazama kwa macho ya mtu mwenye uzoefu.

"Kizuri," akasema. "Kirefu kuliko changu."

"Ndiyo, mama."

"Na ndiyo umeshakifunga huko."

"Nimekifunga."

"Kwa hiyo huna tena cha kuniletea."

"Sina."

"Haya," akasema mama. "Sasa njoo. Mikono mitupu hivyo hivyo."