Rangi ya Kucha ya Matembele

Mama aliikuta chupa ya rangi ya kucha mfukoni mwa suruali yangu, akafurahi mpaka akasahau kufua. Mimi ni mwalimu wa bayolojia na sina mke, na kwa mama hilo la pili ndilo la kuzungumzwa. Niliporudi kutoka msikitini, tayari alikuwa amempigia simu mdogo wake wa Makunduchi kwamba mkwe amepatikana na harusi ni kabla ya Ramadhani.

"Mama, rangi hii ni ya kupaka majani," nilimwambia.

"Majani yana kucha?"

Ningecheka, lakini uso wake ulishaanza kunywea. Mdogo wake ameshawaoza watoto wake wote, na kila wakikutana humuuliza habari zangu kwa sauti ya kumpa pole. Sasa mama angempigia tena amwambie nini? Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kukaa.

Nikatoa hadubini niliyoazima skuli ili nijiandae kwa somo la Jumatatu. Nilichukua jani moja katika matembele aliyokuwa akiyachambua, nikalipaka rangi ile, nyeupe kama maji, upande wa chini. Ilipokauka nikabandika selotepu na kuivuta polepole, ikaja na utando mwembamba wenye chapa ya jani. Nikaubandika juu ya kipande cha kioo, nikakitia kwenye hadubini uani penye mwanga, nikamwita mama achungulie.

Kwanza aliona kope zake mwenyewe, akasema namfanyia mzaha. Nikairekebisha hadubini mpaka akaona.

"Yarabi! Vimepangwa vikapangika! Na hivi vidomo?"

"Hizo zilizopangika ni seli. Vidomo ndivyo jani linavyopumulia."

"Vyote hivi? Na miye nnavitia nazi kila siku!"

Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Akataka tujaribu mrehani, kisha asumini, kisha jani la mpera, ambalo halikutoa kitu kwa sababu ya vinywele vyake, akaligombeza kama mtoto mtundu. Chakula kilichelewa na hakuna aliyejali. Sikumbuki somo lililowahi kunipa raha kama lile.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake. Nilitamani ardhi inimeze, lakini mama aliipokea bila kuondoa jicho kwenye hadubini.

"Harusi hamna," alisema. "Rangi kanunua ya kupaka matembele. Usinipe pole, we! Hebu nambie, katika hao wako wote uliowaoza, nani kakuonesha jani linapopumulia?"