Kona Iliyozama

Kaka wa baba yangu alikuwa anajenga ghorofa Bilele, karibu na ziwa, akaniita nipime mchanga wa msingi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Tuliweka bamba la chuma ndani ya mtaro, tukalikandamiza kwa jeki iliyoegemea tumbo la lori lililojaa mawe, tukasoma linazama kiasi gani. Kona tatu zilishika. Kwenye ya nne bamba lilizidi kuzama, nikamwambia zege lisimwagwe.

"Zege linamwagwa leo," baba mkubwa alisema. "Babu zetu walijenga juu ya mchanga huu huu."

"Tata," nilisema, kama tunavyomwita baba kwa Kihaya, "babu zetu walijenga msonge wa nyasi."

Akawaashiria mafundi waendelee. Nikashuka mtaroni, nikaketi palepale bamba lilipozama, sketi ikilowa. Mafundi walisimama na toroli zao, wakimtazama yeye. Sikunyanyuka.

Alinifokea kwa Kihaya mpaka sauti ikamkauka, kisha akaagiza mchanga uchimbwe, urudishwe na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Nilipopima tena, bamba lilitulia.

Siku ya kuhamia, aliwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyesimamisha zege lisimwagwe siku ile.

"Ni mimi," nikasema, ndizi ikiwa bado mdomoni. "Na nitalisimamisha tena."