Simu yangu na bata wa mwisho wa Mzee Gary

Leo nimemharibia mzee wa watu asubuhi yake ya mwisho ya kuwinda.

Mzee Gary ni jirani yetu huku ughaibuni, hapa Champlin. Magoti yamemgomea, boti ameshauza, na leo msimu wa kuwinda bata mwitu unafungwa. Akaniomba nimsindikize, nimshike mkono asiteleze.

Akapanga bata wa plastiki wachache tu, wa kuwavutia wale wa kweli, pale ambapo mto haujaganda. Sisi tukajifunika shuka nyeupe, tufanane na theluji. Alisema bata wa mwisho wa msimu wamekwepa risasi njia nzima tangu Kanada, kwa hiyo ni wajanja kupindukia.

"Tulia. Usiinue uso mpaka niseme."

Tukakaa, baridi weee!

Halafu wakaja. Kundi zima, miguu wameshusha, wanataka kutua.

Na mimi, kichwa maji, nikatoa simu niwa-record, nitumie watu wa nyumbani.

Wakaniona nikijitikisa, wakageuka wote. Mzee hata bunduki hakuwahi kuinua.

Jamani, bora angenigombeza tu! Alinimiminia kahawa, akasema tukusanye vitu.

Video ninayo. Bata hawaonekani. Inasikika tu sauti ya mzee, ananong'ona kama mtoto: "Wanakuja. Wanakuja."

Nimtumie, ama nifute?